Shajara ya mradi: riwaya fupi ya siku moja ya harusi

8 Januari 2024. Kuanza

Naandika riwaya fupi. Siku moja, nyumba moja, familia mbili ambazo kufikia jioni zitakuwa zimeshaitana wakwe. Nimejiwekea maneno 25,000 hadi 30,000. Waandaaji wa tuzo za Hugo, za hadithi za sayansi na fantasia, huhesabu novela kuwa kazi ya maneno kati ya 17,500 na 40,000, kwa hiyo niko humo humo. Urefu huo mtu anaweza kuumaliza kwa siku moja, na ndivyo ninavyotaka asomwe huyu bi harusi wangu: asubuhi hadi jioni.

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kujaribu kazi ya namna hii kwa Kiswahili. Yaliyokwenda vizuri nitayapitia haraka. Yaliyoharibika nitayaeleza kwa kirefu. Gharama nazihesabu kwa saa nilizokaa mezani na kwa maneno niliyoyatupa.

Kabla ya kuandika nimesoma riwaya tatu za harusi, kila moja kwa swali moja: mwandishi amekamata nini, ameacha nini? Ya Julia Strachey, Cheerful Weather for the Wedding, ilitolewa na Hogarth Press mwaka 1932 na karibu yote imo ndani ya nyumba ya mama wa bi harusi. Humo wino unalimwagikia gauni, na doa lile linabeba uzito ambao hotuba nzima isingeubeba. Ya Eudora Welty, Delta Wedding ya 1946, imewekwa mwaka 1923. Aliuchagua makusudi kwa kuwa sehemu aliyoiandikia haikupatwa na vita wala mafuriko mwaka ule, ili mambo ya ndani ya familia yasifunikwe na balaa la nje. Nilipojua hilo nilifuta dhoruba na msiba niliokuwa nimevipanga katika sura ya tano. Ya tatu ni The Member of the Wedding ya Carson McCullers, nayo ya 1946. Humo harusi yenyewe inapita karibu bila kuonyeshwa. Hilo sikulielewa, nimeliandika pembeni ya daftari na alama ya kuuliza.

29 Januari 2024. Jicho la kwanza limeshindwa

Maneno 11,000, saa 41. Yote nimeyatupa.

Nilianza na msimulizi anayejua yote, anayepita chumba hadi chumba na kuingia katika kila kichwa. Nilidhani siku yenye watu wengi inataka jicho linalofika kila mahali. Rafiki aliyenisomea sura mbili akaniuliza swali lililonivunja nguvu: "Hawa wanawake watatu wanaogombana na mama wa bi harusi, ni ndugu?" Hawakuwa watatu. Alikuwa mmoja.

Nilirudi kwenye kurasa nikaliona kosa. Dada wa baba nilimwita shangazi alipoingia chumbani kwa bi harusi. Alipotoka ukumbini akakutana na mama, nikamwita wifi. Alipoinama kumfunga bibi viatu, nikaandika "binti yake". Kila neno lilikuwa sahihi mahali pake, ila kila neno lilimhamisha msomaji bila kumpa taarifa. Katika Kiswahili jina la ujamaa halikuambii tu mtu ni nani, linakuambia pia ni nani anayemtazama. Ukiandika "Shangazi akaingia", umeshasimama alipo mpwa wake. Ukiandika "Wifi akaingia", umehamia kwa mke wa kaka yake, na uso ule ule umebadilika.

Kwa hiyo msimulizi asiye na ndugu hana neno la kumwita mtu yeyote. Nilijaribu kumwokoa kwa kuwapa wote majina yao na kuliacha suala la ujamaa. Kurasa sita tu, na nyumba ikawa kama ofisi. Hakuna aliyekuwa wa mtu.

Nilichofanya: nimechora jedwali. Safu za kushuka ni wanaoita, safu za kulala ni wanaoitwa, watu 14 kwa 14. Kila kisanduku kina neno. Lilinichukua jioni nzima na limebaki ukutani hadi leo. Anayetaka kuiga kazi hii aanze na jedwali hilo kabla ya sentensi ya kwanza.

18 Februari 2024. Jicho la pili: bi harusi

Maneno 6,200, saa 23. Yametupwa.

Ilionekana dhahiri: siku ni yake, basi asimulie yeye. Nikaandika sura tatu na kila niliporudia kuzisoma nilihisi zimelala. Nikachukua kalamu nyekundu, nikapigia mstari vitenzi vya ukurasa mmoja. Ninaamshwa. Ninaogeshwa. Ninakalishwa. Ninavalishwa. Ninapakwa. Ninageuzwa. Ninapigwa picha. Ninaambiwa nisilie. Vitenzi 14 vya kutendwa katika ukurasa mmoja, na sikuvipanga, lugha ilivileta yenyewe. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na mzazi anaoza. Siku nzima imo katika viambishi hivyo, na msichana aliyeko katikati ndiye asiyetenda lolote. Halafu kuna hilo neno kuoza, ambalo Kiswahili kimeliacha litumike kwa binti na kwa embe lililosahauliwa. Nilitamani kulitumia. Mara mbili nimeliandika na mara mbili nimelifuta, kwa sababu mama wa riwaya yangu anampenda mwanawe, na mchezo wa maneno ungemwonea.

Jambo la pili ni kwamba bi harusi haoni. Yuko chumba kimoja, mgongo kwa mlango, na kila anayeingia amekuja kumtazama yeye. Riwaya yangu inategemea mtu anayetazama.

Kutoka hapa nimebakiza kitu kimoja. Nimeamua kwamba katika kitabu kizima bi harusi atakuwa na vitenzi vya kutendwa tu, isipokuwa katika tukio moja. Huko atatenda. Bado sijui ni wapi.

9 Machi 2024. Mkaza mjomba

Nimempata.

Ni mke wa mjomba wa bi harusi. Wengi siku hizi husema hivyo, mke wa mjomba, lakini neno la zamani ni mkaza mjomba na nimeling'ang'ania kwa kuwa linasikika kama cheo. Yeye ni wifi wa mama wa bi harusi. Ni mtu wa karibu kiasi cha kukabidhiwa ufunguo wa stoo, na wa mbali kiasi kwamba akitoa maoni kuhusu mpangilio wa viti hakuna anayegeuza kichwa. Anapita kila chumba kwa sababu kila chumba kinahitaji kitu kutoka stoo. Anasimulia kwa nafsi ya kwanza.

Jedwali lilinipa zawadi nisiyoitegemea. Mume wake ndiye Mjomba. Nyumba nzima inamwita Mjomba, na siku ya harusi hata mkewe anajikuta anamwita hivyo: "Mjomba, wanakuita nje." Maneno yote ya ujamaa anayoyatumia mle ndani ni ya kuazima kwa watoto wa wifi yake. Nimemwachia neno "mume wangu" mara moja tu, jioni, wakati wa kupanga viti. Sijawahi kuona neno moja likinifanyia kazi kubwa hivyo.

Ufunguo nao umeanza kuishi. Gauni lake halina mfuko, kwa hiyo anaushika. Kufikia adhuhuri kiganja kinanuka chuma, na meno ya ufunguo yamechora mistari minne midogo chini ya kidole gumba. Anapopeana mikono na wakwe wapya, anauhamishia mkono wa kushoto na kuukunja, kama anayeficha kitu alichokiokota.

Na siku hiyo hiyo nikajua bi harusi atatenda wapi. Mapema asubuhi anaingia stoo kwenye viti vya akiba, anajifungia, anaanza kuhesabu viti kwa sauti ili asilie. Mkaza mjomba amesimama nje na ufunguo mkononi. Hamwiti. Tukio hili liliandikika kwa saa moja, bila kufuta hata neno. Ningepaswa kujiuliza kwa nini lilikuja rahisi namna ile.

14 Aprili 2024. Nani alimwambia nani

Hili limenila saa 19 za kusahihisha, na ndilo ninaloamini litamfaa zaidi mwandishi mwingine.

Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke katika "a-" wala "-m-". Katika tukio la watu wawili hilo ni raha. Katika ujia wenye watu saba waliobanana nje ya mlango wa bi harusi, niliandika hivi: "Alimwambia amwambie asimpe mpaka afike." Sentensi safi kisarufi, watu wanne ndani yake, na mimi mwenyewe baada ya siku mbili sikujua ni akina nani.

Jaribio la kwanza lilikuwa kurudia majina. Shangazi alimwambia Mjomba amwambie mpiga picha. Ikawa kama kumbukumbu za kikao. Jaribio la pili, "huyu" na "yule" kila mahali. Msomaji wangu alisema anahisi kunyooshewa kidole usoni.

Suluhisho lilikuwa ndani ya lugha ile ile. "A-" haibagui watu, lakini viambishi vya vitu vinabagua vizuri sana. Basi nikampa kila mtu kitu cha ngeli yake mwanzoni mwa sura, mara moja, kwa uwazi. Mjomba ana kiti cha kukunja. Shangazi amechoka na viatu vyake, amevivua, anatembea navyo mkononi. Mpiga picha ana kamera. Bi harusi ana gauni. Mkaza mjomba ana ufunguo. Baada ya hapo naweza kuandika:

"Mlango ukafunguka kidogo. Akakiweka chini. Akavihamishia mkono wa pili. Akaishusha."

Sentensi tatu, "a-" ile ile, na hakuna anayepotea: Mjomba, Shangazi, mpiga picha. Tena kila mmoja ameonyesha alivyopokea kufunguka kwa mlango bila mimi kusema neno kuhusu hisia.

Kosa ndani ya suluhisho: mwanzoni Shangazi alikuwa na mwavuli. Mwavuli na ufunguo vyote vinachukua "-u-", kwa hiyo kila nilipoandika "akaukaza mkononi" wanawake wawili waligongana. Nikaondoa mwavuli, nikampa viatu. Viatu vilimfaa kuliko mwavuli, maana kisigino kimoja kimelegea na tangu hapo kila akisimama anakijaribu kwa kidole, kama mtu anayegusa jino linalouma. Ukipanga vitu vyako, andika kiambishi pembeni ya kila kitu kwanza, usije ukavunja sura nzima kama mimi.

5 Mei 2024. Saa

Kwa kifupi. Virginia Woolf alipokuwa akiandika Mrs Dalloway, iliyotoka 1925, jina lake la awali lilikuwa The Hours, na milio ya Big Ben, saa kubwa ya mnara wa London, inaigawa siku ile. Nikaiga: sura 12, kila moja saa moja, kuanzia saa 12 alfajiri. Haikufaa. Woolf anaiacha saa igonge popote ilipomkuta mtu, mimi niligeuza saa kuwa masanduku yenye ukubwa sawa. Siku ya harusi haiendi hivyo. Kuna saa tatu za kungoja ambazo hakuna kinachotokea, halafu dakika ishirini ambazo kila kitu kinatokea pamoja.

Sasa sura ni tisa, hazina saa, na ya nne ina kurasa mbili tu. Wakati nauonyesha kwa chaji ya simu ya mkaza mjomba, kwa sababu ndiyo namba ambayo wote wanaipigia. Asubuhi 100, mchana 41, na ikifika 6 anaizima bila kumwambia mtu.

Jambo dogo la sarufi: "-ka-" inakimbia. Kurasa zangu za kungoja zilijaa akaingia, akaketi, akatoka, na kungoja kote kukaisha kwa aya moja. Nimezibadilisha ziwe "-ki-" na "-na-": watu wakiingia, mtu anafuta kioo kilekile mara ya tatu. "-ka-" nimeitunza kwa dakika ishirini zile.

2 Juni 2024. Kumbukumbu

Nimetupa maneno 4,300. Kila mhusika alikuwa na sura yake ya zamani: jinsi walivyokutana, ugomvi wa nyumba ya babu, mkopo usiolipwa. Kila nilipofungua zamani, siku ilisimama. Kanuni niliyojiwekea sasa: kumbukumbu haizidi sentensi moja, na lazima itoke kwenye kitu kinachoshikika wakati huo. Mkopo umebaki hivi: Shangazi anapokea glasi kutoka kwa Mjomba, anaipangusa kwanza, ndipo anakunywa. Msomaji wangu alisema, "Kuna pesa kati ya hawa wawili." Ilinitosha.

23 Juni 2024. Tendo lenyewe

Nimeandika wakati wa kufunga ndoa mara tatu: maneno 1,900, kisha 1,400, kisha 2,200. Yote yamekufa mikononi mwangu. Kila mtu anajua yatakayosemwa pale. Nilijaribu kuiokoa kwa kutazama nyuso, na nyuso zote zilikuwa zikitabasamu tabasamu moja. Nilijaribu kuiharibu kwa mtu kuzimia, na nikajionea aibu, kwa sababu nilikuwa nimerudisha dhoruba niliyoifuta Januari.

Nikafungua daftari, nikaikuta ile alama ya kuuliza pembeni ya McCullers. Safari hii nilielewa. Tendo lenyewe ni la wote, na jicho la kitabu ni la mtu mmoja. Je, yeye yuko wapi wakati huo?

Amekwenda kuleta kiti. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi amechelewa, hana pa kukaa, na wifi anamgeukia bila kusema, anatazama tu mkono wenye ufunguo. Mkaza mjomba anakwenda stoo. Kupitia ukutani anasikia viti vyote vikilia kwa pamoja, maana yake watu wamesimama. Kisha sauti moja. Kisha kimya. Kisha kicheko cha mume wake, ambacho angekitambua hata ndani ya umati wa watu elfu. Anaporudi na kiti, hakuna aliyeketi wala anayetaka kuketi. Anasimama nacho. Ndipo anaketi yeye, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Maneno 640. Sitayagusa tena.

14 Julai 2024. Kusoma kwa sauti

Rasimu nzima ilikuwa tayari, maneno 26,100. Niliisoma kwa sauti nyumbani kwa siku mbili, wasikilizaji wanne. Kusoma kwa sauti kulinionyesha mazungumzo mengi mno yaliyokamilika. Siku ya harusi watu hawamalizi sentensi, wanaitwa upande mwingine. Nimekata mikia ya majibu karibu themanini.

Lakini nililokuja kuandika hapa ni jingine. Nilipomaliza tukio la stoo, dada yangu mkubwa hakusema kitu. Wengine walipotoka akabaki.

"Mdogo wangu, nilikuwa nahesabu viti. Nani mwingine alijua?"

Ni miaka tisa tangu harusi yake. Asubuhi ile nilitumwa kumtafuta, nikamsikia nyuma ya mlango, moja, mbili, tatu, sauti ikikatika na kuanza upya. Nilisimama pale. Kisha nikaenda kuwaambia wamngoje kidogo, anavaa. Sikuwahi kumwambia. Na ninaapa kwamba nilipoliandika tukio lile kwa saa moja nilidhani nimelibuni.

"Dada, nisamehe. Nitalitoa."

"Ulikuwa nje muda wote?"

"Muda wote."

Alikaa kimya kirefu, akiuzungusha mfuniko wa chupa ya maji bila kuifungua. "Usilitoe," alisema. "Lakini hukusikia vizuri. Sikuwa nahesabu ili nisilie. Nilishalia. Nilikuwa nahesabu nijue kama vitatosha." Kisha akaongeza: "Chukua yote, ila namba uniachie. Weka nyingine."

Kwa wanaofuata shajara hii: uliza kabla ya kusoma mbele za watu. Mimi niliulizwa badala ya kuuliza, na ni bahati tu kwamba ninaye dada wa namna hii.

4 Agosti 2024. Stoo, mara ya pili

Nimeliandika tukio upya kwa siku nane. Lililokuja kwa saa moja limenidai saa 27.

Kilichobadilika ni kitenzi. Katika rasimu ya kwanza bi harusi alihesabu kwa kujizuia, yaani hata pale palipokuwa pake pekee pa kutenda nilikuwa nimemfanya mtu anayezidiwa. Sasa anahesabu kwa sababu anataka kujua. Machozi yamekwisha kabla ya ukurasa kuanza. Anavigusa viti kimoja kimoja kwenye ukingo wa juu, anakikuta kimoja kimevunjika mguu, anakitenga, anaanza upya bila hicho. Mkaza mjomba aliyeko nje anasikia hesabu ikirudi kwenye moja na anadhani ni kilio. Mimi namwacha adhani hivyo hadi sura ya nane, anapoingia kuleta kiti cha mzee na kukikuta kile kibovu kimewekwa peke yake, kimeelekezwa ukutani.

Hesabu ya mradi hadi leo: maneno 27,400 yaliyobaki, 27,000 yaliyotupwa, saa 212.

Namba mpya ya viti nimeiweka. Kabla ya kufunga nimetafuta ile ya dada katika faili lote, kwa tarakimu na kwa maneno. Ilikuwa imebaki mahali pamoja, sura ya sita, ndani ya kinywa cha Mjomba anayejisifu kwa wakwe kuhusu maandalizi. Nimeifuta.